Msumari Bila Leseni

Mwizi aliiacha mashine ya kupigia picha za mimba. Aliiacha kompyuta. Aliiacha hata saa ya ukutani, ambayo mtoto mdogo angeifikia. Alichochukua ni karatasi moja tu ndani ya fremu: leseni ya daktari.

Ukutani ulibaki msumari, na chini yake mraba wa rangi ambayo haijapata jua kwa miaka.

"Huyu mwizi ama ni mjinga, ama ni mgonjwa," alisema Koplo, akifungua kopo la unga wa kutafutia alama za vidole.

"Au anajua kusoma," alisema Inspekta.

Kituoni walimwita Mama Kwanini, kwa sababu hata akiletewa chai aliuliza kwa nini. Asubuhi hii maswali yalikuwa yanamgeukia mwenyewe. Nyuma ya ukuta huohuo, chumba cha tatu, mdogo wake wa pekee alikuwa amelala akisubiri kupasuliwa saa sita mchana ili azae. Na aliyemtafutia daktari huyu ni yeye, dada mtu. Alikuja, akauliza kama wanapokea kadi ya bima, akaambiwa wanapokea. Akainua macho, akaiona leseni, akaridhika. Mpelelezi wa miaka kumi na tano, aliyewahi kumkatalia mkuu wake kupita getini kwa sababu kitambulisho kilikuwa kimeisha muda kwa siku mbili, aliona fremu akaiamini fremu.

Saa nne na dakika kumi.

Daktari aliingia. Mtu mfupi, nadhifu, wa miaka hamsini hivi, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate.

"Inspekta, nahitaji ripoti ya wizi tu. Mkaguzi wa bima anakuja saa tano. Bila leseni ukutani siruhusiwi kupasua mtu. Nikiwa na karatasi yenu, atanivumilia."

"Nani ana funguo?"

"Mimi na binti wa mapokezi. Ni mpwa wangu, hana neno."

"Mlango haukuvunjwa."

"Wezi wa siku hizi ni mafundi."

"Fundi anayeacha kompyuta?"

Daktari alicheka. "Hilo ni lenu. Mimi kazi yangu ni akina mama."

"Yule wa chumba cha tatu ni mdogo wangu."

Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa waya.

"Kumbe," alisema. "Kumbe dada yetu ni polisi." Aliangalia saa, akaomba radhi, akatoka haraka.

Inspekta alibaki akitazama mlango. Watu wengi hushtuka wakikutana na polisi. Lakini huyu polisi aliwaita mwenyewe.

Alikwenda chumba cha tatu.

"Dada, umekuja na pingu au na maua?" alisema mdogo wake.

"Nimekuja kazini. Unajisikiaje?"

"Kama nimemeza tikiti maji, nalo limemeza mpira. Usianze kumhoji daktari wangu, tafadhali. Kila mtu anasema ana mikono mepesi."

"Alisema kwa nini upasuliwe?"

"Mtoto ametanguliza makalio. Ameshaanza dharau kabla hajazaliwa, amerithi kwako. Dada, mbona unanibana mkono hivyo?"

Hakujua kwamba alikuwa ameushika. Aliuachia.

"Nipe kibali chako cha bima."

Karatasi ilikuwa chini ya mto. Jina la daktari lilikuwepo, na namba yake ya usajili pia. Kwa miezi minane namba hiyo ilikuwa mkobani mwa mdogo wake. Kuihakiki kulihitaji simu moja.

Koplo alichungulia mlangoni. "Afande, njoo uone."

Karibu na msumari kulikuwa na alama ya kidole gumba. Haikuhitaji unga. Ilikuwa ya bluu.

"Wino wa mhuri," alisema Koplo. "Na aliyeuacha alipanda kiti. Hiki hapa kimepanguswa vumbi, vingine vyote havijaonja kitambaa tangu mwezi uliopita."

Inspekta aligeukia meza ya mapokezi. Nyuma yake alikaa msichana ambaye wagonjwa walimbandika jina la Bi Kadi, kwani hata ukija unatokwa damu, neno lake la kwanza ni "Kadi ya bima?" Mbele yake, fomu. Pembeni, kidau cha wino wa bluu. Mikono yake ilikuwa chini ya meza.

Kwanza Inspekta alipiga simu baraza la madaktari, akasoma ile namba.

"Namba iko hai," alisema karani wa baraza. "Ada imelipwa. Bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake. Amesajiliwa miaka arobaini na moja iliyopita."

"Ana umri gani?"

"Sabini na tatu."

"Niliyemwona hana hata mvi."

"Labda anapaka rangi, mama. Wazee wa siku hizi."

"Nitumie picha yake kwa simu."

"Picha iko kwenye jalada la zamani, na jalada liko ghala la chini. Subiri kidogo."

"Sina kidogo, kaka yangu. Mdogo wangu anakwenda mezani kupasuliwa."

Karani aliacha mzaha. Zilisikika hatua zake zikikimbia.

Inspekta aliweka simu sikioni, akavuta kiti mbele ya Bi Kadi.

"Weka mikono mezani, mwanangu."

Msichana aliiweka. Gumba la kulia lilikuwa bluu mpaka kwenye kucha.

"Fremu iko wapi?"

"Sijui, shangazi."

"Mimi si shangazi yako, na kidole chako kipo ukutani. Iko wapi?"

Machozi yalitangulia jibu. Alivuta droo ya chini kabisa, yenye kibandiko: MADAI YALIYOKATALIWA.

"Humu hakuna anayefungua kwa hiari," alisema kwa sauti ndogo.

Fremu ilikuwa chini ya rundo la fomu, imefungwa taulo, kioo kizima.

"Kwa nini?"

"Bima wameleta fomu mpya. Wanataka mwaka ambao daktari alisajiliwa. Nikapanda kiti nikasome kwenye leseni. Jina nilishazoea, aliniambia ni lake la shule; mwaka sikuwahi kuutazama. Nikajaza. Halafu nikafanya kutoa." Alijifuta pua. "Mwaka huo mjomba alikuwa na miaka tisa."

"Tisa."

"Hata kama alikuwa na akili sana, afande."

"Ukanyamaza."

"Amenilea. Mama alipofariki ni yeye aliyenisomesha. Ningemshtaki vipi? Lakini ningemwacha vipi akashike kisu? Nikaona sheria inasema bila leseni ukutani hakuna kupasua. Nikasema nikiificha, ataacha. Angalau leo." Aliinua macho. "Sikujua kwamba atawaita nyinyi. Mwizi gani anaita polisi?"

"Mwizi aliyezoea kuaminiwa."

Simu ilikohoa. "Nimelipata," alisema karani, akihema. "Nakutumia."

Picha ilifunguka taratibu. Kipara kwanza, kisha masikio makubwa, kisha uso wa mzee ambaye Inspekta hakuwahi kumwona popote.

Alikwenda mbio chumba cha tatu. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Wamempeleka wapi?"

"Chumba cha upasuaji," alisema muuguzi aliyekuwa akikunja shuka. "Daktari amesema tuanze sasa, tusimsubiri mkaguzi."

Ukumbi wa kuelekea huko ulikuwa na hatua ishirini. Inspekta alizikimbia zote. Alisukuma mlango kwa bega, Koplo nyuma yake. Mdogo wake alikuwa ameketi ukingoni mwa meza, mgongo wazi, mtaalamu wa usingizi akiandaa sindano. Kwenye sinki, mtu mfupi alikuwa ananawa mpaka viwikoni, polepole, vizuri, kama mtu anayesali.

"Weka hiyo sindano chini!"

"Dada!" alilia mdogo wake. "Nilikuambia usianze!"

"Vaa nguo. Koplo, ita gari la wagonjwa." Inspekta aliinua simu ili picha ionekane. "Na wewe, niambie. Huyu ni nani?"

Mtu yule aliitazama. Maji yaliendelea kumwagika. Alifunga bomba kwa kiwiko, kama wanavyofundishwa wapasuaji.

"Ni daktari wangu," alisema.

Hospitali kubwa walipokewa na bibi mwenye miwani aliyenyoosha mkono kabla hajasalimu. "Kadi ya bima?"

Kadi ilikubaliwa. Daktari wa zamu, mwanamama mrefu, alikuja akivaa glavu. Inspekta alimzibia njia.

"Samahani, daktari. Namba yako ya usajili?"

"Unasemaje?"

"Namba. Na mwaka."

Simu ya baraza ilikuwa bado wazi. Karani alijibu kwa sekunde, akatuma na picha bila kuombwa, kwani za madaktari wapya zimo kwenye kompyuta. Inspekta aliiweka simu kando ya uso wa daktari, akalinganisha pua na pua.

"Dada," ilitoka sauti kwenye kitanda cha magurudumu, "huyu mtoto akizaliwa ukimuuliza kitambulisho, nakukana."

Daktari alipitisha kifaa cha picha tumboni, akasimama ghafla, akarudia.

"Kondo la nyuma limekaa chini. Limefunika njia yote, na limeng'ang'ania ukuta wa mbele, hapohapo kisu kinapopita. Ndiyo maana mtoto hakugeuka. Nani alimpiga picha?"

Inspekta alisogea kando kumpisha.

"Leteni damu kwanza," aliwaambia wauguzi. "Nyingi."

Inspekta alikaa kwenye benchi la ukumbini kwa saa moja na nusu, na katika muda huo wote hakuuliza swali hata moja. Kisha nyuma ya mlango mtoto alilia, kwa hasira, kama anayedai maelezo.

Jioni, chumba cha mahojiano. Meza, viti viwili, Koplo na kalamu.

"Ulikuwa nani kwake?" aliuliza Inspekta.

"Msaidizi wake chumba cha upasuaji. Miaka kumi na tisa nilimpa mikasi kabla hajaiomba. Mzee hakuwa na watoto. Alipofariki, nilisafisha ofisi yake, leseni ikiwa ukutani. Mama mmoja akagonga, amejishika tumbo. Akauliza, 'Daktari yupo?'"

"Ukasema?"

"Nikasema, 'Ndiye mimi.'" Alitazama mikono yake. "Mtoto akatoka, akalia. Yule mama akanishika hii mikono akasema asante. Miaka kumi na tisa, Inspekta, asante zilipita juu ya kichwa changu zikaenda kwa mzee. Ile ilikuwa ya kwanza kutua kwangu. Nikaitaka nyingine."

"Na ada ya baraza?"

"Nililipa kila mwaka kwa jina lake. Bima wakiuliza namba, namba iko hai. Hakuna aliyewahi kuuliza sura."

"Leo kwa nini uliharakisha?"

"Nilijua mtoto akishalia, maswali yanaisha. Yameisha hivyo miaka sita." Aliinua macho. "Mama na mtoto?"

"Wazima. Kondo lilikuwa mbele. Lilionekana kwenye picha."

Alifumba macho.

"Sikuliona," alisema. "Mzee angeliona."

Koplo alimsogezea maelezo na kalamu. "Weka sahihi hapa."

Aliinama, akaandika kwa mkono mwepesi, bila kusita. Inspekta aligeuza karatasi akasoma. Lilikuwa jina la marehemu.

"La kwako," alisema.

Mtu yule alilikata kwa mstari mmoja. Akaweka ncha ya kalamu pembeni yake, na hapo mkono mwepesi, mkono ambao kila mtu aliusifu, ukakwama kwenye herufi ya kwanza.