Begi la Kijivu Katika Robota la Adau

Jeki iliteleza mchangani, na gari likamlalia Epuyo mguu kabla hajamaliza kusema kwamba hakuna shida.

Kilikuwa kiangazi, mwezi wa pili mwaka wa 2013. Pikapu ilikuwa imetoka Lodwar asubuhi ikielekea Kakuma, ikaacha barabara kuu kwa sababu abiria wa jana yake walisema kuna wenye bunduki huko mbele. Epuyo, dereva, akafuata njia za ngamia upande wa ziwa. Nyuma alikuwa amepakia robota la mabegi ya mitumba, mali ya Adau, mwanamke mrefu wa Kidinka aliyefanya biashara kambini Kakuma. Katikati ya hao wawili alikaa Mama Nawoi, mjane wa Kiturkana, aliyekuwa akienda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Springi ya mbele ilikatika mahali ambapo hapakuwa na mti wala mbuzi wala mtandao wa simu.

Wale wanawake wawili walichimba mchanga kwa mikono mpaka mguu ukatoka. Mfupa chini ya goti ulikuwa umevunjika. Mama Nawoi aliunyoosha, akiomba kwa sauti ili asisikie kilio, na Adau akakata mikanda ya mabegi mawili kufungia vijiti.

"Mama, hiyo ulikata ni ya bei," Epuyo alisema, jasho likimtiririka puani.

"Nyamaza. Utaununua na mguu ndani," Adau akamjibu.

Walimlaza kwenye kivuli cha gari. Mama Nawoi alisimama akatazama pande zote taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Magharibi, mbali sana, kilima chenye vilele viwili kilielea juu ya ardhi bila kuigusa.

"Chini ya ile mlima kuna laga, mto mkavu," alisema. "Kiangazi wachungaji wanachimba visima hapo. Watu wako, ngamia iko. Jua ya kesho Epuyo ataweza. Ya kesho kutwa, hapana."

Dumu lilikuwa na maji nusu. Chini ya viti kulikuwa na chupa za plastiki za soda, tupu, na hizo wakazijaza. Mabaki ya dumu wakamwachia Epuyo.

Mama Nawoi alipanga chupa kwenye karai akajitwika, kama alivyobeba maji maisha yake yote. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, ule upepo wa mchana unaosukuma mtu kama mkono wa askari. Hatua chache tu, ukalinyakua karai. Chupa moja ikapasuka kwenye jiwe, na mchanga ukanywa maji mara moja, bila kubakiza hata alama.

Adau alitazama ile sehemu. Kisha akapanda nyuma ya pikapu, akakata kamba za robota.

Mabegi yalimwagika. La kwanza aliloshika lilikuwa jekundu, lenye minyororo ya kung'aa na mifuko ya nje isiyo na idadi.

"Hii ndio wasichana wanapigania," alisema.

"Mkanda wake mwembamba kama kamba ya kiatu," Mama Nawoi alisema. "Itakukata bega mpaka mfupa."

"Lakini siku zote unawaambia haiumizi," Epuyo akasema kutoka chini ya gari. "Nilikusikia Lodwar. Sasa leo mteja ni wewe. Bei ni gani, mama?"

Adau hakucheka. Alilitupa. Akachukua lingine, kubwa kama gunia, la kitambaa kizito. Akalipima kwa mkono mmoja likiwa tupu, akatikisa kichwa. "Hii imeshiba kabla ya kula." Akafukua mpaka chini, akatoa begi dogo la kijivu ambalo lilikuwa limezunguka naye sokoni mara tatu bila kuulizwa na mtu. Mikanda yake ya mabega ilikuwa mipana, yenye sponji. Mgongoni lilikuwa na wavu uliolitenga na nguo, hewa ikapita. Chini lilikuwa na mkanda mwingine wa kufunga kiunoni, na huo ndio wateja waliucheka, wakisema ni begi lenye mshipi kama mlinzi.

Alilivaa. Akaruka mara mbili. Halikucheza.

"Hii," alisema. Na sauti yake haikuwa ya sokoni.

Mama Nawoi ndiye aliyelipakia. Kila chupa aliizungushia leso ili zisigongane, akazisimamisha karibu na mgongo, juu. "Mzigo ni kama mtoto," alisema. "Ukimwacha ateremke matakoni atakuvuta nyuma siku nzima." Mfuko wa wavu wa pembeni hakuutia kitu; mwiba mmoja tu ukitoboa chupa ungetosha kuwaua. Juu akaweka biskuti, kisu na Biblia yake ndogo. Sketi zao walizikunja wakazifunga katikati ya miguu, kwa sababu upepo ulizigeuza matanga.

"Upepo ukae mgongoni," Mama Nawoi alisema. "Ukikupiga shavu, tumepotea."

Wakaenda.

Jioni ile walitembea, kivuli chao kirefu kikiwafuata nyuma mpaka kikaisha. Walilala kidogo, mgongo kwa mgongo, na alfajiri wakainuka tena, begi likihamia kwa Mama Nawoi, mikanda ikafupishwa, kiuno kikafungwa. Mwanzoni aliona haya, mwanamke mzima kuvaa kama mtoto wa shule. Baadaye akagundua kwamba mikono yake iko huru. Angeweza kushika fimbo. Angeweza kumshika Adau, ambaye kisigino kilikuwa kimechubuka na kuacha damu ndani ya ndara.

Jua lilipopanda, nchi ililegea. Mazigazi yalitandaza maji mbele yao, maji ya buluu yenye ufuo, na kila walipoyakaribia yalirudi nyuma kwa adabu. Kilima kiligawanyika, kikawa viwili, kikawa kimoja. Adau aliwaona ng'ombe wa baba yake wakiwa wamesimama katika nyasi ndefu za Sudani, pembe nyeupe, mvuke ukiwatoka puani.

"Ule mweupe ni wangu," alisema.

"Ni mzuri," Mama Nawoi akamjibu, kwa kuwa hakuona sababu ya kumnyima. "Mwache alale. Kunywa kidogo. Shikilia mdomoni kwanza."

Yeye mwenyewe alikuwa na mwenzake. Marehemu mumewe alitembea upande wa kushoto tangu asubuhi, kimya, na kiatu chake cha tairi hakikutimua vumbi. Hakumwogopa. Alimwambia Mungu moyoni, kama huyu umemtuma wewe, asante. Na kama ni kiu, nisamehe, lakini usimwondoe bado. Upepo uliwasukuma wote watatu. Begi lilipanda na kushuka na pumzi yake kama kiumbe kilicholala.

Wakaishiwa maji. Wakaendelea na chupa tupu.

Mchana laga ilijitokeza ghafla, mstari wa miti ya kijani uliokataa kurudi nyuma. Waliona mbuzi. Waliona moshi mwembamba na mwanamke aliyeinama kwenye shimo. Adau, ambaye sasa ndiye aliyebeba, alipiga kelele, lakini koo lilitoa sauti ya mlango mkavu. Akaanza kukimbia.

Mwanamke wa kisimani aliinua kichwa, akaacha kibuyu chake, akatoweka. Mbuzi wakafukuzwa. Moshi ukafunikwa. Ikawa kama hakuna mtu aliyewahi kuishi pale.

Kisha mchanga ukaruka mbele ya miguu ya Adau, na mlio wa bunduki ukafuata.

Walijilaza chini. Adau alilia bila machozi. "Wanatuua kwa nini? Sisi ni wanawake!"

Mama Nawoi alimtazama alivyolala: mrefu, sketi imefungwa kama suruali, mkanda kiunoni, mkanda kifuani, mzigo umeng'ang'ania mgongoni. Akaona kile ambacho macho ya kule kwenye miti yalikuwa yameona.

"Toa hiyo kitu mgongoni," alisema. "Taratibu. Fungua sketi yako."

"Mama, watapiga!"

"Watapiga mwanaume. Toa."

Mama Nawoi alilichukua begi. Akafungua nguo yake ikaanguka mpaka kwenye vifundo vya miguu, ikapepea. Akaliweka begi kichwani, akalishika kwa mkono mmoja, mkono mwingine akauacha uning'inie wazi. Akasimama. Shingo haikutetemeka, maana ilikuwa imezoea kazi yake. Akatembea polepole kuelekea visima, kama mwanamke yeyote aendaye kuteka maji.

"Ejok!" aliita, salamu ya Kiturkana. "Ejok!"

Halafu sauti ya mwanamke ikajibu kutoka kwenye miti, "Ejok-a."

Alikuwa Asekon, yule wa kisimani. Mumewe, Lotiir, alitoka nyuma ya mti na bunduki ikielekea chini, uso umemkunjamana kwa hasira ya mtu aliyenusurika kutenda dhambi.

"Mwanamke gani anabeba mgongoni kama mshambulizi?" alisema kwa Kiturkana. "Nimeona wawili wa vita. Kidogo tu, mama! Kidogo tu!"

"Mungu amekushika mkono," Mama Nawoi alimwambia. "Sasa tupe maji, na ngamia. Kuna kijana wetu chini ya gari."

Magoti ya Mama Nawoi hayakukubali kurudi. Adau akafunga kisigino, akajaza chupa kisimani, akalivaa tena begi la kijivu. Lotiir aliongoza ngamia akifuata nyayo zao wenyewe, ambazo upepo ulikuwa umeanza kuzila.

"Wewe kaa nyuma ya ngamia," alimwambia Adau kwa Kiswahili chake kidogo. "Wenzangu wakiona wewe mbele, mimi sitaki kesi."

Walitembea mpaka jua la siku ya tatu likachomoza. Kwanza waliona rangi. Mabegi yalikuwa yametawanywa na upepo uwanda mzima, mekundu, ya kijani, ya manjano, yamelala kama kundi la mifugo ya ajabu lililochoka njiani. Adau aliyapita bila kuinama hata mara moja. Mengine Epuyo alikuwa ameyavuta akajijengea ukuta, na mchanga ulikuwa umepanda juu yake. Nyuma ya ukuta hapakuwa na sauti.

"Epuyo."

Adau akausukuma ukuta.

"Wee Epuyo! Mteja amekuja!"

Kope zilizojaa mchanga zikafunguka. Midomo ilikuwa imepasuka na ulimi umevimba, lakini alimtazama Adau, akatazama miguu yake, akatafuta nyuma yake. "Mama Nawoi?"

"Mzima. Yuko visimani."

Akafumba macho kidogo. Kisha mkono wake ukapapasa mchangani, ukalisukuma dumu. Lilikuwa na maji. Karibu yote waliyomwachia yalikuwa bado humo.

"Mbona hukunywa?" Adau alipaza sauti. "Mbona hukunywa, wewe?"

"Nilisema, kama hamtapata laga," Epuyo alinong'ona, "mtarudi hapa na kiu."

Lotiir alisimama kando akageuza uso. Adau alimwinua Epuyo kichwa, akamnywesha maji ya kisima kidogo kidogo mpaka alipoweza kumeza. Kisha akavua begi. Chupa zake zilikuwa zimejaa. Lakini alikaa mchangani, akalifungua dumu, akanywa yale Epuyo aliyokuwa amemwekea, mpaka tone la mwisho.