Chetezo cha Chumba cha Nyuma

Tuanze na kosa, maana hadithi inayoficha kosa haina baraka. Twahir, dalali wa vyumba pale Lemara, alidanganya, tena akiwa na udhu.

Salwa alikuwa mwanafunzi kutoka Bujumbura. Wiki ya pili hiyo anazunguka Arusha na begi lake, na kila mwenye nyumba akisikia lafudhi yake anataka mdhamini wa hapa. Chuo nacho kilishasema: Jumatatu asiye na anuani ya makazi hasajiliwi, arudi kwao.

Twahir akampeleka nyumba ya marehemu Bi Salha. Alipokuwa hai, Bi Salha alifukiza ubani kila Alhamisi kwenye pembe ya chumba cha nyuma, na hakukipangisha hata siku moja. Twahir alilijua hilo. Asubuhi ile ile alikuwa amekitupa chetezo chake cha ubani jalalani, majivu na yote, akaipaka pembe chokaa.

"Kaka Twahir, mbona kinanuka nywele zilizoungua?"

"Chokaa mpya hiyo, dada. Au kwenu chokaa inanukia marashi?"

Salwa akacheka. "Humu hakuna aliyekuwa anakaa?"

"Hakuna," akasema Twahir, akampa ufunguo.

Alhamisi alasiri simu ya Twahir ikaita. Alikuwa Nashipae, mpangaji wa chumba cha mbele, anaongea kwa kunong'ona.

"Njoo. Mgeni wako anapigwa."

"Na nani?"

"Yuko peke yake, Twahir. Njoo na mtu wa dini, awe wenu awe wetu."

Akaenda na Ustadhi Shabani. Jua lilikuwa bado kali, watoto wa shule wanapita na sare zao, na mle ndani kulikuwa na kishindo kimoja, kisha kimya, kisha kishindo kingine, na walipousukuma mlango wakamwona Salwa ameninginia kwa nywele zake pasipo mkono wa kuzishika, anabamizwa kwenye pembe ile ile, damu inamtoka puani, jino liko sakafuni, na kila akibamizwa chokaa inamenyuka na chini yake ukuta ni mweusi na unafuka moshi, na harufu ya nywele zilizoungua inawaingia hadi kooni.

Ustadhi akaanza Ayatul Kursi. Akatupwa chini, ubavu ukalia kama kuni kavu. Akaendelea kusoma akiwa amelala.

Kinywani mwa Salwa ikatoka sauti ya mzee, ya taratibu.

"Miaka arobaini nimekaa hapa kwa heshima. Nani kasema sipo?"

"Twahir," Ustadhi akanong'ona, "unajua nini?"

"Sijui kitu, Ustadhi."

Mkono wa Salwa ukapinda nyuma, ukavunjika mbele ya macho ya Twahir. Binti hakuweza hata kulia.

Hapo Twahir akapiga magoti. "Ni mimi. Nilijua upo, nikamwambia hakuna mtu. Chetezo nilikitupa kwa mkono huu. Mwachie, hana kosa."

Salwa akadondoka. Kisha kitu cha moto kikaushika mkono wa kulia wa Twahir, kikavunja kidole cha mwisho, kisha kinachofuata, kisha cha kati, kikaruka cha shahada, kikamaliza na gumba, bila haraka, kama mtu anayemenya maharage.

Nashipae alimpeleka Salwa akakae kijijini Akheri, kwa shangazi yake yeye Nashipae, na Jumatatu Salwa akasajiliwa kwa anuani ya huko, mkono ukiwa kwenye hogo la plasta. Ustadhi alikisomea chumba siku saba, akatoka akitikisa kichwa. Twahir hafanyi tena udalali. Vidole vilipona vimepinda, kimebaki kile kimoja cha kushuhudia, na kila Alhamisi alasiri mkono wake unanuka nywele zilizoungua, hata atawadhe vipi.

Juzi warithi wa Bi Salha wameipaka pembe ile chokaa upya, na kibao cha kupangisha kiko getini. Kama unamjua mwanafunzi mgeni anayetafuta chumba Lemara, tafadhali mwambie mle ndani kuna anayekaa.