Nyasi za Mteja wa Adhuhuri

Nyasi zilizokaushwa hazichipui. Haulata alilijua hilo, kwani tangu usichana wake Timbuktu alizipasua kwa wembe, akazizungusha juu ya nta na kuzitia rangi mpaka wageni wakaapa ni dhahabu. Lakini mkufu aliomvisha bintiye Salamatu, biharusi wa siku ile, ulikuwa umetoa chipukizi bichi.

"Upuuzi!" alifyonya, akalinyofoa.

Salamatu akapiga ukelele. Damu ikamchirizika shingoni.

"Usiung'oe, mama," alinong'ona. "Umeota mizizi ndani yangu."

Mashangazi wakarudi nyuma hadi ukutani. Harufu ya tope la mtoni ikajaa chumbani, na kooni mwa binti kukasikika mchakacho kama wa nyasi zinazopishana upeponi, ukipanda, ukishuka, ukipanda tena, mpaka Haulata akaziba masikio na bado akausikia, kana kwamba ulitoka kwenye meno yake mwenyewe.

Mganga Sumana alipofika, aliutazama mkufu bila kuugusa.

"Nyasi hizi ni za nani?"

"Za mtaani tu."

"Haulata. Binti yako anakufa."

Ndipo akasema. Mwanamke mmoja mwenye matambara alimjia siku moja adhuhuri na mzigo wa nyasi laini ajabu, akaomba asukiwe mkufu. Haulata akamcheka mbele ya watu: "Wewe na mapambo wapi na wapi? Kamba ya mbuzi inakutosha!" Akamfukuza. Nyasi akabaki nazo, akamsukia bintiye.

"Huyo ni jini wa mtoni, naye sasa yumo ndani ya binti yako. Mwombe radhi," Sumana alisema.

Haulata hakuwahi kumwomba radhi hata mumewe. Akapiga magoti mbele ya Salamatu.

"Nisamehe, bibi. Nitakusukia mwingine, mzuri kuliko huu."

Salamatu akacheka kwa sauti nzito, ya mtu mzima.

"Wewe? Nivae kazi ya mwizi? Vijakazi wangu wangeutupa jalalani."

Sumana akamwaga dawa, akaliita jini kwa majina ya mababu zake, akaliamuru litoke. Mkufu ukakatika, ukaanguka mkavu. Mchakacho ukanyamaza. Mashangazi wakapiga vigelegele, Haulata akamkumbatia bintiye akilia.

"Umepona, mwanangu?"

"Nimepona, mama. Twende, bwana harusi anangoja."

Salamatu akatangulia uani, penye mchanga ambao haukuonja mvua tangu mwaka jana. Haulata akamfuata, akatazama chini, akasimama.

Kila alipokanyaga binti, unyayo ulijaa maji.