Alama Katika Daftari la Babu

Kila siku nikitoka shuleni nilivua viatu mlangoni, nikanawa mikono, kisha nikaketi mbele ya babu na bahasha ya picha. Babu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Mwaka ule alipatwa na kiharusi kilicholegeza mkono wake wa kulia na kumfunga ulimi. Akili yake ilikuwa timamu na alituelewa vizuri, ila maneno yalimkimbia.

Muuguzi wa kliniki alinifundisha kazi yangu: namwonyesha picha, nangoja, naye anajaribu kuitaja. Nusu saa kila siku, kisha naweka alama ya vema kwenye daftari. Mama alikuwa mpishi hospitalini na alirudi jioni, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu peke yangu. Miezi mitatu ilipopita, babu alikuwa na maneno thelathini na moja. Siku alipotamka "mkasi" alicheka hadi machozi yakamtoka, nami nikacheka naye.

Kisha mjomba akaniletea simu mpya, zawadi ya kufaulu mtihani. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa mbio za magari. Ukishinda mara tano mfululizo unapewa gari jipya. Ukikosa kucheza siku moja tu, unarudishwa nyuma.

"Nisubiri kidogo, babu," nilimwambia siku ya kwanza. "Namaliza raundi hii."

Raundi ikazaa raundi. Nilipoinua kichwa, nilisikia mama anapiga hodi. Nikalivuta daftari haraka, nikaweka alama.

Uongo wa kwanza niliuandika nikikwepa macho ya babu. Wa pili sikuyakwepa. Babu aligonga meza kwa kidole, polepole, kuniita. "Nakuja, babu," nilimjibu bila kumtazama. Wiki ya tatu akaacha kugonga. Alikaa tu akiangalia dirisha, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba nyumba imetulia.

Mwisho wa mwezi tulimpeleka kliniki. Muuguzi akainua picha ya mkasi. Babu aliikazia macho, midomo ikamcheza, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Ikatoka sauti isiyo neno. Kijiko kilimshinda. Kiatu kilimshinda. Katika yale maneno thelathini na moja, alitaja tisa.

Muuguzi akafungua daftari. "Mazoezi yamefanyika kila siku, bila kukosa," alisema kwa upole. "Basi huenda kiharusi kimemrudia. Itabidi tumlaze, tumpime upya."

Mama akaziba mdomo kwa mkono. Babu akanigeukia. Alijua. Kila siku alikuwa akiniona nikiweka zile alama, ila hakuwa na ulimi wa kunishtaki. Macho yake hayakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja.

Nikamsogelea mama. "Mama," nilisema, "sikumfanyisha mazoezi. Nilikuwa nacheza gemu. Zile alama ni za uongo."

"Tangu lini?"

"Tangu mjomba alete simu."

Mama hakunigombeza. Aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Afadhali angenichapa.

Muuguzi alimwita daktari, naye akampima babu palepale, akaona hakuna ugonjwa mpya. Tulirudi naye nyumbani, nikamkabidhi mama simu, tukaanza upya na picha ya kwanza. Sasa tulifanya saa nzima.

Ilichukua miezi minne. Maneno mengi yalirudi, lakini si yote. Jina la marehemu bibi, ambalo ndilo lilikuwa la kwanza kumrudia baada ya kuugua, halikurudi tena. Babu huishika picha ya bibi, akaipapasa kwa kidole gumba, kisha akanitazama nimsaidie. Nalitaja mimi, naye anaitikia kwa kichwa.

Siku moja nilijificha jikoni nikilia. Mama akanifuata, akaketi kando yangu.

"Simu haina kosa, mwanangu," alisema. "Hata mimi ninayo. Lakini mtu akikuamini akakukabidhi kazi, halafu pasiwe na anayekuchungulia, hapo ndipo uaminifu wako unapopimwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ya wiki nne tu, na aliyeumia ni babu, si wewe. Ukweli uliusema ukiwa umechelewa, ila uliusema mbele yake, kwa kinywa chako mwenyewe. Anzia hapo."