Mafuta ya Sangara Usoni mwa Nyangi

Mimi ninakaa Mwisenge, Musoma. Ninauza samaki wa kukaanga. Mafuta ya sangara ninayayeyusha mwenyewe kwenye sufuria. Kazi hii alinifundisha mke wangu, Pelagia. Amefariki miaka minne sasa. Siku ile zahanati haikuwa na dawa, wakaniambia nikanunue. Niliporudi na dawa nikakuta wameshamfunika shuka. Tangu hapo wakubwa wa serikali wakiongea, mimi nawasikiliza tu, siwaamini.

Pelagia alikuwaga na kawaida yake. Kila asubuhi alichota mafuta ya sangara kwenye kopo, akampaka binti yetu Nyangi usoni mpaka ang'ae. "Asipong'aa, watu watasema hana mama," alisema. Alipokufa, nikaapa neno hilo halitasemwa nyumbani kwangu. Kopo nikalishika mimi.

Mwaka huu Nyangi ana miaka kumi na tano, yuko kidato cha pili. Akaanza kutoka chunusi. Kwanza kwenye paji la uso, halafu mashavuni, nyingine zina usaha. Mimi nikaongeza mafuta. Yeye akawa anazikamua kwa kucha. Zikazidi.

"Ni maji haya," nikamwambia. "Wakubwa wanakunywa ya chupa, sisi wanatuletea uchafu."

"Baba, mbona wewe hutoki chunusi? Si tunaoga maji hayo hayo?"

Nikageukia samaki wangu kwenye sufuria.

Jumatatu moja hakuvaa sare. Nikamkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Safari ya wapi?"

"Nyamuswa, kwa shangazi. Nitamsaidia kulima. Shule basi."

"Shule basi? Nani kasema?"

"Wananiita Kashata, Baba, eti uso umejaa karanga. Nikisimama kujibu swali, darasa zima, 'Kashata kaiva!' Hata mwalimu anacheka."

"Mwalimu! Serikali inamlipa acheke?"

"Wewe utagombana nao wote, Baba. Mimi nitabaki na uso huu huu."

Akaliweka begi mlangoni. Gari lake lilikuwa la saa nne.

Ndipo akaingia jirani yetu Dafroza kuchukua samaki. Dafroza ni nesi wa ile zahanati. Samaki nilikuwa namuuzia, lakini ushauri simwombi. Akaliona begi, akamtazama Nyangi, akanusa.

"Binti, mbona unanukia kikaangio?"

"Baba ananipakaga mafuta ya sangara. Kila siku."

"Mzee Lameck! Unamkaanga mtoto?"

"Usianze, nesi. Mama yake alikuwa anampaka."

"Alikuwa mdogo. Sasa amekua. Kaa nikueleze." Akavuta kigoda. "Chini ya ngozi kuna tezi ndogo ndogo za mafuta, kwenye mashina ya vinyweleo. Mafuta yake yanatokea kwenye vitundu, ngozi isikauke. Mtoto akibalehe, tezi zinafanya kazi zaidi. Mafuta yanakuwa mengi, yanachanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu kinaziba. Vijidudu vinaongezeka humo, panavimba. Hiyo ndiyo chunusi."

"Kwa hiyo nimemletea mimi?"

"Hapana. Umri ndio umeleta. Si uchafu, wala si maji. Lakini wewe unaziba vitundu ambavyo vimeshaziba."

Nikalichukua kopo, nikalitazama. Lilinikaa mkononi kama kitu cha kuiba.

Nyangi akasogea. "Nesi, shangazi alisema kuna krimu ya kung'arisha."

"Usiiguse! Nyingine zina dawa kali ndani. Ngozi inakuwa nyembamba, na chunusi zinarudi kwa fujo. Wewe osha uso asubuhi na jioni, sabuni isiyo kali, kwa mkono. Usisugue na dodoki. Usikamue, utabaki na makovu. Kuna dawa ya kupaka inaitwa benzoili peroksaidi. Paka kidogo jioni. Inakausha ngozi kidogo, na inapausha rangi ya nguo, angalia sare yako. Na usitazame kioo kesho ukanilaumu. Ni wiki nane, hata kumi na mbili. Zisipopungua, au ukiota vivimbe vikubwa vinavyouma, nenda kwa daktari."

"Hiyo dawa ipo hapo zahanati kwenu?" nikauliza.

Dafroza akaangalia chini. "Haipo. Duka la dawa."

"Nilijua," nikasema.

Nikalikumbuka lile shuka. Lakini begi lilikuwa mlangoni, na saa nne inakaribia. Nikachukua baiskeli, nikaendesha kama mtu anayefukuzwa. Niliporudi na dawa, Nyangi alikuwa bado yupo, amekaa juu ya begi. Kesho yake alikwenda shule, amenuna.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikaanza kumsema nesi. Mwezi wa pili zile zenye usaha zikapungua. Mwezi wa tatu uso ukatulia. Alama zipo, na mbili tatu hutoka bado, lakini hazikamui. Mvulana mmoja alipomwita Kashata, akamjibu, "Imeisha, kanunue karanga." Safari hiyo darasa lilimcheka yule mvulana.

Dawa zahanati bado hakuna. Hilo nitaendelea kulisema. Lakini lile kopo lilikuwa mkononi mwangu, hakulishika mkubwa yeyote.

Juzi nilirudi na visigino vimepasuka. Nyangi akalitoa kopo la mama yake kwenye rafu, akapiga magoti.

"Baba, lete miguu."

"Acha, si nimesema mafuta hayo basi?"

"Basi usoni," akasema, huku anachota. "Visigino vikipasuka hivi, watu watasema huna mtoto."