Vanishi Iliyogoma Kukauka

"Kaka, hakijakauka."

"Leo siku ya nne, Mwanamkuu! Vanishi gani hiyo, au umekipaka asali?"

"Njoo ukiguse mwenyewe."

"Nakuja kweli. Kesho saa nne niko hapo Ndagoni na kigari cha kirikuu. Kikiwa kibichi nakipakia hivyo hivyo, na wewe juu yake."

Abubakari akakata simu. Mwanamkuu akabaki uani, msasa mkononi, akikitazama kitanda cha marehemu mama yake. Mninga mtupu; Mwanamkuu alikuja nacho hapa siku ya harusi yake. Mwezi wa kwanza tu wa ndoa, mumewe Shamte, fundi wa boti, akataka kumfurahisha: akakipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye boti. Mwanamume akipenda hana akili. Mwanamkuu alicheka mpaka machozi, akakilalia hivyo hivyo miaka mitano.

Sasa ameibandua rangi yote, kwa sababu hawezi kurudi kwao Kiegeani na kitanda cha rangi ya boti. Shamte alimwacha kwa ujumbe wa simu, siku aliyochelewa kurudi kutoka harusini Kirongwe: "NIMEKUACHA TALAKA MOJA. SHAMTE." Hasira za dakika mbili hizo. Eda ameikalia humo humo nyumbani kwa mumewe, kama dini inavyotaka, akilala chumbani kwa mama mkwe wake, Bi Bimkubwa. Zimebaki siku tatu. Kabla ya hapo Shamte anaweza kumrejea kwa neno moja tu. Eda ikiisha, lazima ndoa ifungwe upya, na Abubakari, ambaye ndiye walii, ameapa hamwozeshi tena dada yake kwa mtu anayeacha mke kwa simu.

Na neno hilo moja Shamte amelikalia kimya karibu miezi mitatu. Mwanamkuu alikuwa akimpenda bado, na iliuma.

"Mama, naenda dukani kuchukua msasa mwingine," akamuaga mama mkwe wake.

Hakufika mbali. Alikumbuka simu, akarudi. Uani akamkuta Shamte amechuchumaa, anamimina kitu kwenye kopo la vanishi.

"Shamte, unafanya nini?"

Chupa ikamponyoka. Ua mzima ukanukia nazi.

"Naikoroga tu."

"Unaikoroga na mafuta ya nazi?"

Shamte akaiokota chupa.

"Tangu lini?"

"Tangu kopo la kwanza. Na asubuhi, ukiwa jikoni, nakifuta kitanda kwa kitambaa chenye mafuta."

"Yarabi! Mimi nimegombana na mwenye duka mara mbili, namwambia ananiuzia vanishi mbovu!"

"Kikikauka unaondoka, Mwanamkuu."

Alilisema akitazama chini. Mwanamkuu akamsogelea, lakini hasira nayo ilikuwapo.

"Na mdomo wako una nini? Si ungesema?"

"Ningesemaje? Nimetuma ule ujumbe, kesho yake tu umeshika msasa. Nikajua kwako nimekwisha."

"Nilishika msasa ili uje uninyang'anye!"

Shamte akainua uso. "Ule mguu wa mbele wa kitanda umeusugua mara tatu. Nilidhani una chuki nao."

"Kazi ikiisha kaka ananichukua. Ulitaka nifanyeje? Ningesugua mpaka ubaki kijiti."

Shamte akacheka, machozi yakimlenga. Akapeleka mkono mfukoni.

"Acha simu!" Mwanamkuu akamkemea. "Talaka uliiandika. Hili utalitamka, tena kesho, mbele ya kaka yangu. Ukishindwa, napanda gari."

Kesho yake, saa nne kamili, kirikuu kikaingia. Abubakari hakutaka hata maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda, akakishika, kiganja kikanata.

"Astaghfirullahi! Hiki kitu kina nini?"

"Shemeji, ni mimi," Shamte akasema. "Nilikitia mafuta ili dada yako asiondoke. Unisamehe. Mwanamkuu, nilikuacha kwa kidole, kwa hasira, na hukuwa na kosa la kustahili vile. Nimekurejea kwenye ndoa yangu. Mungu shahidi, na kaka yako shahidi."

Bi Bimkubwa, aliyekuwa mlangoni, akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

Abubakari akafuta kiganja kwenye shati.

"Kisheria yameisha, mwanamke haulizwi. Lakini huyu ni dada yangu, mimi namuuliza. Mwanamkuu, niondoke peke yangu, au unapanda?"

"Nenda salama, kaka. Mimi nimetaka kukaa tangu siku ujumbe ulipoingia."

Shamte akakaa chini, kwenye vumbi la rangi ya buluu, akalia mbele ya shemeji yake bila kuficha uso. Mwanamkuu akaketi kando yake, akamshika mkono.