Chumba cha Mama na Kibao cha Kuokota

Mume wangu ni fundi wa kujenga. Mtaani wanamwita Timazi, kwa jina la ule uzi wenye uzito ambao mafundi hupimia kama ukuta umenyooka. Kuta zake hazipindi. Kichwa chake ndicho kigumu.

Tulikuwa tukiishi watu watano katika vyumba viwili na sebule: sisi wawili, binti zetu wawili, na mama yake mume wangu. Mama alilala sebuleni kwenye kochi. Kila asubuhi alikunja shuka lake kabla hatujaamka, kana kwamba ni mgeni. Akitaka kubadili nguo, alisubiri mpaka watu wote watoke.

Siku moja alisema, "Mwanangu, mimi sitaki makubwa. Nataka mlango wangu. Niufunge nikitaka."

"Utaupata, Mama," Timazi akajibu. "Uani kuna nafasi. Nitakujengea chumba na choo chake."

Nikamuuliza, "Na kibali cha ujenzi?"

"Cha nini? Kiwanja ni chetu, hati tunayo. Miaka thelathini najenga, leo nikamuulize karani jinsi ya kupanga matofali?"

Kosa letu lilianzia hapo. Miaka yote hiyo, Timazi alikuwa akiitwa kazini wakati kibali kimeshatoka. Alikuta kibao chenye namba ya kibali kimepigiliwa mbele ya kiwanja, akaanza kazi. Hakuwahi kuona namba hiyo inakotoka. Kwake yeye, kibali kilikuwa ni kile kibao. Basi akaokota kibao kwenye jengo lililokwisha, akakipigilia kwenye uzio wetu. Nilimwona, nikanyamaza. Sijisafishi. Na mimi nilikuwa naitaka sebule yangu.

Chumba kilikwisha kwa wiki tano. Mama akapewa ufunguo, akautia kamba, akauvaa shingoni. Mchana alijifungia ndani peke yake, akaimba kwa sauti ndogo. Miaka yote niliyoolewa, sikuwa nimemsikia akiimba.

Aliishi humo siku kumi na tisa.

Siku ya ishirini alikuja mkaguzi wa majengo. Hakuwa mtu wa makelele. Alisoma kibao chetu, akafungua daftari lake, akakisoma tena.

"Namba hii ni ya duka la vifaa vya magari," alisema. "Hapa ni dukani?"

Mkaguzi akapima kutoka ukutani mpaka kwenye uzio. Kisha akauliza, "Chemba ya maji machafu iko wapi?"

Timazi akaonyesha sakafu kwa kidole. Alikuwa ameifunika kwa zege, chini ya kitanda cha mama yake.

"Bomba la chemba hii linapitisha maji ya nyumba nne," mkaguzi akasema. "Likiziba, tuje tuvunje sakafu mama akiwa amelala? Na dirisha limegusana na uzio. Moto ukizuka mlangoni, atatokea wapi?"

Hakungoja jibu. Alichora X nyekundu ukutani, akatupa siku thelathini za kubomoa.

Mama alitoka, akaitazama. "Hii alama ni ya nini?"

Sisi wawili tulikuwa tumesimama pale pale. Timazi aliingia ndani, akaanza kutoa kitanda cha Mama.

Timazi alibomoa mwenyewe, tofali moja moja. Aliokoa mlango na kitasa chake, akavifunika kwa turubai. Mama alirudi kwenye kochi kwa wiki moja, kisha binti yake anayeishi mji mwingine akaja kumchukua. Aliondoka na ufunguo shingoni.

"Nitajenga tena, Mama," Timazi alimwambia.

"Jenga, mwanangu," akajibu, lakini hakumtazama.

Kesho yake nilimwendea jirani yetu, mama mmoja mchora ramani za nyumba.

"Mbona hamkuja mapema?" aliniuliza. "Nilikuwa nawaona mnajenga, nikadhani mna mtaalamu wenu."

"Na wewe mbona hukuuliza?" nikamrukia. Nilikuwa na hasira na mume wangu, nikammwagia yeye. Hakununa. Alivuta kiti, akaniambia nikae.

"Usianze na matofali, wala usianze na mchoro," alisema. "Anza na maswali. Chukua hati yako, nenda ofisi ya ujenzi. Uliza kama kiwanja chako kinaruhusiwa nyumba ya pili. Uliza uache nafasi gani kutoka mpakani, na mabomba yanapita wapi. Kila mahali wana masharti yao, usiniletee masharti ya mji wa shemeji yako. Ukishajibiwa, ndipo nachora."

"Kisha tunajenga?" Timazi aliuliza. Alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kisha unapeleka michoro na nakala ya hati, unapewa risiti, unasubiri. Risiti haijengi. Unajenga kwa kibali chenye jina lako na namba ya kiwanja chako. Ukimaliza msingi, mwite mkaguzi auone kabla hujaufukia. Mwishoni anakuja tena, mnapewa cheti cha kuhamia. Bila hicho, mtu asilale ndani."

"Yote haya kwa chumba kimoja?"

"Chumba kimoja umeshakibomoa, Fundi."

Michoro yetu ilirudishwa mara ya kwanza, kwa kuwa dirisha lilikuwa dogo. Kibali kilitoka mwezi wa tatu tangu tuombe. Timazi alijenga upande wa pili wa ua, akafunga mlango ule ule na kitasa kile kile. Mkaguzi yule yule alikuja akatupa cheti. Wiki hiyo hiyo bomba likaziba. Mafundi wa maji walifunua chemba, wakamaliza kabla ya saa sita, na hakuna kilichovunjwa. Siku hizi majirani wakija kuniuliza habari za kibali, nawapeleka ofisini mwenyewe.

Timazi alimpigia mama yake simu. "Mama, chumba tayari. Safari hii hakuna wa kukutoa. Mlango ni ule ule."

Mama akauliza, "Dirisha linaangalia wapi?"

"Barabarani. Utaona watu wakipita."

"Vizuri. Mpangisheni mtu. Mimi nimeshahamishwa mara mbili, mwanangu. Ya tatu nitabebwa kwenye jeneza."

Baada ya wiki mbili ilikuja bahasha. Ndani mlikuwa na ufunguo, pamoja na kamba yake. Nilimpa Timazi, hakuupokea. Nikaenda uani peke yangu, nikautia kitasani. Mlango ulifunguka mara moja, bila kukwama.